Kopo Lililoandikwa USA

Nyumbani kwetu Kasulu kulikuwa na kopo la bati ambalo mama alilitumia kupimia mahindi. Mwanzoni lilikuwa la mafuta ya kula. Ubavuni liliandikwa USA kwa herufi kubwa, na chini yake kulikuwa na maneno madogo ya Kiingereza ambayo baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alinitafsiria siku moja nikiwa darasa la tatu: si ya kuuzwa wala kubadilishwa. Nikamuuliza, kama si ya kuuzwa, sisi tuliyapataje? Akacheka, akasema nikamuulize mama.

Mama aliyanunua sokoni Makere, kwa mwanamke wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu. Biashara hiyo kila mtu pale kwetu aliijua. Wakimbizi walipewa mgao wa unga, maharage na mafuta. Sasa mtu hawezi kula maharage mwaka mzima, na mtoto anataka daftari, na nguo zinataka sabuni, kwa hiyo sehemu ya mgao iliishia sokoni, ikarudi kambini ikiwa ndizi, dagaa na mitumba. Hivyo ndivyo msaada wa Wamarekani ulivyotufikia sisi wenyeji, ambao hakuna aliyekuja kutuandikisha: kupitia mikononi mwa wakimbizi. Sikulikumbuka tena jambo hilo mpaka mwaka 2020, nikiwa jikoni katika bweni lililobaki na watu kumi na mmoja, mjini Louisville, jimbo la Kentucky.

Nilifika Marekani Agosti 2018. Chuo kilinipa ufadhili uliofuta sehemu kubwa ya ada. Chakula, bima na vitabu vikabaki juu yangu. Anayekwenda kusoma kule kwa viza ya mwanafunzi lazima kwanza athibitishe kwa karatasi kwamba pesa ya mwaka mzima ipo. Baba mdogo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kigoma mjini, akakubali kutoa taarifa yake ya benki. Pesa iliyoonekana mle ilikuwa mtaji wa duka. Haikuwa akiba, na sote watatu, yeye, baba na mimi, tulijua kwamba isingegusa ada yangu. Nikasimama mbele ya dirisha pale ubalozini Msasani, nikasema kwa Kiingereza safi kwamba sina shida ya fedha. Nilisema mara moja tu, lakini neno lile lilikuja kunishika koo.

Mpango ulikuwa kufanya kazi. Mwanafunzi mgeni anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, si zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Nje ya chuo haruhusiwi bila kibali. Mimi nilipata kazi jikoni, kwenye bwalo la chakula, nikisukuma trei na kujaza mashine ya juisi. Chakula kilikuwa bure siku za zamu. Maisha yakaenda.

Rafiki yangu nilikutana naye katika duka moja la vyakula vya Kiafrika, kusini mwa mji. Nilikuwa namuuliza mwenye duka kama ana dagaa wa Kigoma au ni wale wa Mwanza. Nyuma yangu mtu akaangua kicheko. Akauliza natoka wapi hasa. Nikasema Kasulu. Akaweka chini kikapu chake, akanishika mabega kama tuliopotezana zamani: "Kasulu! Basi wewe ni mwenyeji wangu!"

Alizaliwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 watu walipokuwa wakivuka Ziwa Tanganyika kuikimbia vita Kongo. Aliishi humo hadi 2016, familia yake ilipopelekwa Kentucky. Kwa miaka yote hiyo alifika Kasulu mjini mara tatu tu, kila mara kwa kibali, kwa sababu mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini akijisikia. Mji ambao mimi niliuona mdogo, wa vumbi, wa kuukimbia, yeye aliujua kama mahali panapoombewa ruhusa. Tangu siku ile hajawahi kuniita jina langu. Mwenyeji, basi. Mama yake akiniona ananiita papa, kama anavyowaita wanawe, halafu ananijazia sahani: bugali na sombe. Sisi tunaita ugali na kisamvu, na ubishi wa nani anakipika vizuri haujaisha mpaka leo.

Yeye alisoma chuo cha miaka miwili, masomo ya nusu muda, maana usiku aliosha vyombo katika mkahawa. Mimi na yeye tulikuwa wanafunzi katika mji mmoja, tukila sahani moja Jumapili, tukitofautiana umri kwa miezi saba. Hadi Machi 2020 sikuwa na sababu ya kufikiri kwamba serikali ya Marekani inatuona kuwa viumbe wa aina mbili.

Mgonjwa wa kwanza wa korona Kentucky alitangazwa tarehe 6 Machi. Tarehe 13 Machi hali ya dharura ikatangazwa nchi nzima. Usiku uo huo wa kuamkia tarehe hiyo, hapo hapo Louisville, polisi walimuua mwanamke mweusi, Breonna Taylor, ndani ya nyumba yake, ingawa sisi jina hilo tulikuja kulisikia baadaye. Jumatatu ya tarehe 16 gavana, Andy Beshear, akaamuru mikahawa yote iache kuhudumia watu ndani kuanzia saa kumi na moja jioni. Rafiki yangu alikuwa ndiyo kwanza anafunga aproni. Aliambiwa aivue.

Bwalo letu lilifungwa wiki hiyo hiyo. Wanafunzi wa Kimarekani walifuatwa na wazazi kwa magari, wakapakia mafriji madogo na magodoro, wakaondoka. Sisi wa mbali tuliruhusiwa kubaki kwa kujaza fomu. Jioni, saa ya hotuba ya kila siku ya gavana, ndiyo ilikuwa saa pekee niliyosikia sauti ya binadamu ukutani kwa jirani, Mnepali, aliyefungulia hotuba ile ile niliyokuwa naiangalia mimi.

Tarehe 27 Machi Rais Trump akatia saini sheria iliyoitwa CARES, ya dola trilioni 2.2. Wengi wanaikumbuka kwa hundi za dola 1,200 kwa kila mtu mzima. Wachache wanakumbuka kwamba wanafunzi wengi wa vyuo hundi hizo ziliwapita pembeni: aliyeandikwa tegemezi kwenye kodi ya wazazi hakupata, na mzazi wake hakuongezewa hata ile dola 500 ya mtoto, kwa kuwa mtoto aliishia miaka 16. Kwa ajili ya vyuo kulikuwa na fungu lake lenyewe, karibu dola bilioni 14. Sehemu kubwa ya fungu hilo iligawanywa kwa vyuo, na kila chuo kililazimika kutoa angalau nusu ya mgawo wake moja kwa moja mkononi mwa wanafunzi, na kwa nchi nzima nusu hiyo ilipita dola bilioni 6. Sheria ilitaja hadi matumizi: chakula, malazi, vitabu, vifaa, matibabu, malezi ya watoto. Ilikuwa ruzuku. Hairudishwi.

Nilimweleza hivyo mdogo wangu kwa simu, hakuamini. Yeye alikuwa Dodoma, mwaka wa pili, akiishi kwa boom la Bodi ya Mikopo, shilingi 8,500 kwa siku ya chakula na malazi. Vyuo vya Tanzania vilifungwa Machi 18, naye akarudi Kasulu na begi moja, akabaki hadi vilipofunguliwa Juni mosi. "Unarudisha lini?" akaniuliza. Hairudishwi. "Acha uongo, kaka." Kwake pesa ya chuo ni kitu kinachokusubiri huko mbele: siku ukipata ajira, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi hadi deni liishe. Serikali inayompa mwanafunzi pesa na kumwambia kula tu, hiyo alitaka kwanza aione.

Na mimi nilitaka kuiona. Tarehe 9 Aprili waziri wa elimu, Betsy DeVos, alitangaza kwamba vyuo vianze kuchukua pesa hizo, tena akavishauri visimpe mwanafunzi mmoja zaidi ya dola 6,195, kiwango cha juu cha Pell mwaka ule. Pell ni ruzuku ya kawaida ya serikali kwa wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo. Nilisoma sheria yenyewe mtandaoni, kifungu kwa kifungu, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa sheria ya nchi yangu. Imeandikwa "wanafunzi". Haikusema raia wala haikutaja viza. Nikahesabu wiki.

Tarehe 21 Aprili wizara ikatoa mwongozo: pesa hizi ni kwa wale tu wanaostahili misaada ya kawaida ya serikali ya masomo, kwa mujibu wa sheria ya elimu ya juu ya mwaka 1965. Kwa sentensi hiyo moja wakatolewa wanafunzi wa kigeni wote. Wakatolewa pia vijana walioletwa Marekani wakiwa watoto bila vibali, ambao wamekulia hapo na hawajui pengine. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi, kama rafiki yangu, sheria hiyo ya zamani inamhesabu kuwa anastahili. Alikuwa ameshajaza fomu za serikali tangu muhula wa kwanza, na Pell alikuwa anapata.

Wiki hiyo hiyo habari kubwa ilikuwa Harvard. Chuo tajiri kuliko vyote duniani kilikuwa kimepangiwa zaidi ya dola milioni 8, Trump akasema wazirudishe, wao wakajibu kwamba hawajazichukua na hawatazichukua. Televisheni ilibishana siku nne. Nami nilibishana nayo, peke yangu, bwenini, kwa Kiha.

Kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa jimbo letu mtu aliandika: wakimbizi wanapewa kila kitu. Wakafuata wengine. Wana nyumba za ruzuku, wana kadi za chakula, sasa na hizi. Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye alama ya gumba. Sentensi ile niliifahamu vizuri mno. Nimekua naisikia Kasulu, kwenye foleni ya maji, kwenye daladala, kanisani baada ya misa: wakimbizi wana hospitali, wana visima, wanapewa unga na sisi tunalima. Niliwahi kuisema mwenyewe, nikiwa sekondari, mbele ya mama, huku mahindi yanapimwa kwa lile kopo. Sikubonyeza. Siwezi kujisifu kwamba niliwajibu, maana sikuandika kitu. Nilizima simu nikalala na njaa ambayo haikuwa kali, ile njaa ya mtu anayepanga mkate wake kwa vipande.

Usinielewe vibaya. Sikudhani rafiki yangu amependelewa. Ustahili wake alizaliwa nao kambini, bei yake ni miaka 20 nyuma ya uzio. Kilichonichoma ni kwamba mimi nami nilikuwa nimewekewa uzio na sikuwa nimeuona. Yeye Kasulu aliomba kibali cha kutoka. Mimi Kentucky nilitakiwa niombe kibali cha kufanya kazi. Kibali hicho kipo. Mwanafunzi mgeni aliyepatwa na shida asiyoitarajia anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi nje ya chuo, akionyesha ushahidi kwamba hana pesa. Ada ya ombi ilikuwa dola 410, na majibu yanachukua miezi. Nilikuwa na dola 163. Mshauri wetu wa wanafunzi wa kigeni, mama mmoja mpole kweli, aliponisomea kiasi hicho kwenye Zoom alitoa miwani, akapangusa macho, akasema samahani. Nilimhurumia yeye.

Baadhi ya vyuo havikukubali. Mfumo wa vyuo vya jamii vya California ulimshtaki DeVos mwezi Mei, jimbo la Washington nalo likashtaki, na Juni majaji wa pande hizo mbili wakazuia masharti yale. Lakini amri zile ziliishia huko. Hazikufika Kentucky, na chuo changu hakikuwa na hamu ya kwenda mahakamani na mtu. Kilifanya kilichoweza: kilifungua mfuko wake mdogo, wa michango ya waliosoma hapo zamani, kwa ajili yetu tuliotolewa. Fomu yake ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha maana: eleza, kwa maneno yasiyozidi 250, jinsi janga lilivyokuathiri kifedha.

Hapo nilikwama siku tano.

Sikushindwa na Kiingereza. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna mtu aliyenifundisha kusema shida namna ile. Kwetu jirani mwenye shida hupita tu. Anakuja jua likizama, anabisha hodi, anaulizia ng'ombe, anaulizia mvua ya upande wa Heru, anaulizia mguu wa bibi. Anakunywa maji. Anaaga. Ombi lenyewe linakuja akiwa amesimama, mkono uko mlangoni: halafu, mama, kale kachumvi... Na mama hamwachi amalize. Ustaarabu wote uko kwenye kutomwacha amalize. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na maneno 240, na kati ya hayo 190 yalikuwa ya kuwashukuru kwa kazi nzuri na kuwatakia afya njema katika kipindi hiki kigumu. Fomu haina mlango wa kusimamia. Rasimu ya pili ilikuwa orodha ya bei. Ya tatu nilijaribu kuandika ukweli, kwamba baba mdogo amefunga duka, kwamba taarifa ya benki niliyoileta haikuwa pesa yangu, nikafuta haraka kama mwizi aliyewashiwa taa, maana karatasi ile bado ilikuwa kwenye faili langu ghorofa ya pili ya jengo lile lile. Unawezaje kuwaambia watu huna, wakati ulipewa viza kwa kuapa kwamba unazo?

Niliyotuma ni ya nne. Ilikuwa fupi: kazi yangu imefungwa, nina dola 163, nahitaji chakula hadi Agosti. Baada ya wiki tatu nikapewa dola 150. Ziliingizwa kwenye akaunti yangu ya chuo, na huko zilimezwa papo hapo na deni la bima ya afya. Sikuziona. Niliona mstari tu: zimeingia, zimetoka. Zile za CARES zilikuwa na kanuni tofauti, na ninaisifu hadi leo: mwanafunzi alipewa mkononi, chuo hakikuruhusiwa kuzikamata kulipia deni. Aliyeitunga kanuni ile, yeyote awaye, alijua vyuo.

Rafiki yangu alipata dola 480, katikati ya Mei. Kwa nini 480? Kila chuo kilijipangia: vingine viligawa sawasawa, vingine vilitaka maombi. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na hesabu ya serikali kuu. Robo tatu ya mgawo ilifuata idadi ya wanafunzi wa Pell, robo iliyobaki wanafunzi wengine, na wote walihesabiwa kwa kipimo cha mwanafunzi wa muda wote. Wanaosoma nusu ya masomo, wawili wanakuwa mmoja. Vyuo vya miaka miwili, vyenye watu wanaosoma mchana na kuosha vyombo usiku, vimejaa wanafunzi wa namna hiyo, kwa hiyo vilipata kidogo kuliko vichwa vyao. Nilimfafanulia hayo kwa simu kwa kirefu, maana muda nilikuwa nao. Akanisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo mimi ni nusu mtu," akasema. "Sawa. Lakini tumbo ni zima."

Siku mbili baadaye alinipigia. "Mwenyeji, shuka chini. Nimeleta posho."

Bweni halikuruhusu wageni. Tulikutana kwenye maegesho, yeye na barakoa aliyoshonewa na dada yake kwa kitenge cha kijani. Aliweka mfuko juu ya boneti ya gari, akarudi nyuma hatua tano, akanifanyia ishara nisogee. Kulikuwa na unga mweupe kilo kumi, chupa ya mawese, dagaa, sombe iliyogandishwa, na bahasha yenye dola 100. Nilianza kukataa. Nikamwambia sheria, tena kwa kifungu: pesa ile imetolewa kwa mwanafunzi anayestahili, kwa gharama zake mwenyewe, mimi nimetolewa kwa maandishi.

"Walisema ni ya chakula," akajibu. "Hawakusema ni ya tumbo la nani."

Halafu akaongeza kwamba mama yake amesema nile.

Ugali nilisonga jikoni kwa jumuiya, saa nne usiku, kwa sufuria niliyoazimwa na Mnepali. Naye alikula. Kopo la USA lilinijia wakati naosha ile sufuria, sijui kwa nini pale na si kabla. Nikampigia mama, kwake ilikuwa asubuhi. Alisema kopo bado lipo, limetoboka chini, sasa analiwekea majivu.

Najua msomaji anachokisubiri. Hapana, hatukugundua kwamba aliyemuuzia mama yale mafuta alikuwa mama yake rafiki yangu. Nilimuuliza huyo mama, mwaka uliofuata, tulipoweza tena kukaa meza moja, kama aliwahi kuuza mafuta ya mgao Makere. Akanitazama kama niliyemuuliza iwapo amewahi kupumua. "Papa, nani hakuuza?"

Julai ilileta hofu yake. Tarehe 6 idara ya uhamiaji ikatangaza kwamba mwanafunzi mgeni ambaye masomo yake yote muhula ujao ni ya mtandaoni atalazimika kuondoka nchini au kuhamia chuo chenye madarasa ya ana kwa ana. Vyuo vya Harvard na MIT vikaenda mahakamani tarehe 8; tarehe 14 serikali ikalifuta agizo. Katika zile siku nane nilikula dagaa wote. Zaidi ya hapo sina la kusimulia, maana nilikuwa naamka, nasoma habari, nalala.

Muhula ukaanza, bwalo likafunguliwa nusu, saa zangu zikarudi kidogo kidogo. Desemba 2020 ikapitishwa sheria nyingine yenye pesa za vyuo, na Machi 2021, chini ya Rais Biden, ya tatu, safari hii karibu dola bilioni 40, nusu yake ya wanafunzi. Tulikuwa tumeshaacha kuhesabu. Rafiki yangu wakati huo alikuwa anasomea mtihani wa uraia, maswali 100, na mimi ndiye niliyemuuliza maswali kwa simu akirudi kazini. Mahakama ya juu ina majaji wangapi? Nani anaandika sheria? Alipenda kunijibu kisha kunirudishia: "Na wewe, mwenyeji, katiba yenu ina vifungu vingapi?" Sikujua. Ni 152, nimeangalia baadaye.

Tarehe 11 Mei 2021 waziri mpya, Miguel Cardona, akatoa kanuni ya mwisho kuhusu fedha hizo. Mwanafunzi, kwa maana ya fedha hizo, ni mtu yeyote aliyekuwa ameandikishwa chuoni tarehe 13 Machi 2020 au baada yake. Raia, mkimbizi, mwenye viza, asiye na karatasi, wote. Ila vyuo viwatangulize wenye shida zaidi. Sheria ya Bunge bado ilisema kile ilichosema tangu mwanzo, "wanafunzi". Mwaka mzima na ushee ulipita watu wakibishana juu ya neno ambalo mtoto wa chekechea analijua. Sijawahi kumsikia mtu akiomba radhi kwa mwaka huo, na nadhani haikupita akilini mwao kwamba kuna wa kuombwa.

Barua pepe ya chuo ilikuja Septemba. Fomu ilikuwa fupi, kisanduku cha maneno 250 hakikuwepo. Walitaka nichague moja kati ya mawili: nilipwe mwenyewe, au nikubali kwa maandishi zikatwe kulipia deni langu la chuo. Nilikuwa na deni. Nilikitazama kile kisanduku cha pili kama dakika moja, nikaweka alama kwenye cha kwanza.

Dola 900 ziliingia benki Ijumaa asubuhi, wiki ya kwanza ya Oktoba. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimesimama dirishani nikipanga kichwani: bima, viatu vya baridi, kitu kidogo kwa mdogo wangu Dodoma, na bahasha moja ya dola 100 niliyokuwa nimeihesabu kila mwezi tangu Mei ile. Simu ikaita.

"Mwenyeji, makuta imeingia?"

"Nani kakwambia?"

"Batu wote bamepata leo. Imeingia ama haijaingia?"

"Imeingia."

"Basi shuka chini. Niko hapa nje na mama, anataka twende dukani. Mawese imekwisha."